Ukipungua kilo 8, zimekwenda wapi? Uzi wa mafuta ya mwilini

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za Jumapili.

Jana nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa Dodoma. Jamaa alikuwa na kitambi cha heshima, mwaka huu kakipunguza. Bodaboda kaacha, anakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, chipsi kapiga marufuku, na Ramadhani hakufidia usiku alichokosa mchana. Mizani inasema kilo 8 hazipo. Sasa mashine iko utosini kwangu, akaniuliza: "Mwalimu, hizi kilo 8 zimekwenda wapi?"

Nafundisha biolojia, mwaka wa 14 huu. Nikajibu bila kufikiri: zimegeuka nishati, umezitumia kutembea.

Akazima mashine. "Nishati ina kilo?"

Nimekaa kimya na nusu ya kichwa haijanyolewa. Nimerudi nyumbani, nikafungua vitabu, nikagundua nimewadanganya vijana wa watu kwa miaka. Kabla sijaweka nilichokipata, nataka nisikie kwenu. Mafuta yakipungua mwilini, yanatokea wapi?

Bahari ya Tanga

Jasho hilo. Ndiyo maana wanaokimbia ufukweni wanajifunga nailoni tumboni.

Mla Mihogo

Choo. Nilikunywa dawa fulani ya mitishamba nikashinda msalani siku mbili, nilipotoka suruali inavuka.

Nyundo

Mwalimu alikuwa sahihi, ni nishati. Kinyozi anyoe, biolojia aiache.

Chai ya Uzima

Yanayeyuka. Tangawizi, ndimu na maji ya moto kila asubuhi, mafuta yanayeyuka yenyewe. Ninayo iliyokwisha changanywa, anayehitaji anifuate faragha.

Binti Kisutu

Nimekaa pale na karanga zangu, nasubiri jibu.

Mwalimu wa Zamu

Haya. Tumekosa wote, mimi wa kwanza. Jifarijini na hili: mwaka 2014 watu wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliandika kuhusu jambo hili katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Waliwauliza swali la kinyozi wangu madaktari 50, wataalamu wa lishe 50 na wakufunzi wa mazoezi 50. Wengi wao walijibu kama mimi na Nyundo.

Yanatoka kwa pumzi. Puani na mdomoni.

Molekuli ya kawaida ya mafuta tunayohifadhi ina kaboni 55, hidrojeni 104 na oksijeni 6. Ili iungue yote inahitaji molekuli 78 za oksijeni unayovuta, nayo inatoa molekuli 55 za kabonidayoksaidi na 52 za maji. Leo asubuhi nimeipigia hesabu ya uzito kwa mkono, maana sikuamini. Katika kila kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 huondoka kama kabonidayoksaidi kupitia mapafu. Kilo 1.6 zilizobaki huwa maji, na hayo ndiyo yanayopitia kwenye mkojo, jasho, machozi na mvuke wa pumzi. Nishati ilikuwepo, lakini ilikuwa imefungwa katika viungo vinavyoshikanisha atomi. Atomi zikiachana na kuungana upya na oksijeni, nishati inatoka, unaitumia. Atomi zenyewe zinabaki vile vile, hesabu kamili, na lazima zipate mlango wa kutokea.

Kinyozi alikuwa na haki ya kuzima mashine.

Bahari ya Tanga

Mwalimu, kwa hiyo nikikaa hapa barazani nipumue haraka haraka mpaka Magharibi nitapungua?

Mwalimu wa Zamu

Utapata kizunguzungu na vidole vitakufa ganzi. Mapafu hayachomi kitu, yanabeba taka tu. Kabonidayoksaidi inatengenezwa ndani ya seli kwa kasi ya kazi unayofanya. Ukipumua haraka bila kazi unapunguza iliyokuwa kwenye damu, basi. Ukitaka lori la taka lijae, lazima kiwanda kifanye kazi.

Binti Kisutu

Mimi ningependa uanzie mwanzo. Chipsi yai ya leo usiku inafikaje kiunoni kwangu? Maana naona inafika kwa kasi kuliko mwendokasi.

Mwalimu wa Zamu

Dada, andaa karanga nyingine, hii ni ndefu.

Chukua yale mafuta ya kukaangia, maana ndiyo yenye safari nzuri. Yakifika utumbo mwembamba, nyongo inayatawanya yawe matone madogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria. Halafu vimeng'enya vya kongosho, yaani kemikali zinazokata chakula, vinaikata kila molekuli. Molekuli ya mafuta ni mkono mmoja wa gliseroli ulioshika mikia mitatu ya asidi za mafuta, na ikiwa nzima haiwezi kupita ukuta wa seli. Ni kama kabati: ili lipite mlango mwembamba unalifungua vipande, ukifika ndani unalifunga tena. Utumbo unafanya hivyo hivyo. Unakata, unapitisha, unaunga tena, kisha unafunga vifurushi.

Hapa ndipo pananifurahisha. Sukari na protini zikitoka utumboni zinakwenda moja kwa moja kwenye ini kukaguliwa. Vifurushi vya mafuta haviingii njia hiyo. Ni vikubwa, vinapita kwenye mishipa ya limfu, vinapanda kifuani na kuingia kwenye damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Ndiyo maana ukitolewa damu saa mbili tatu baada ya kula vitu vya kukaanga, maji ya damu yanaonekana kama yametiwa maziwa.

Damu inavizungusha. Vikifika kwenye mishipa midogo inayopita katikati ya tishu ya mafuta, kuna kimeng'enya kimekaa kwenye ukuta wa mshipa kama mpagazi wa stendi. Kinalifungua tena lile kabati. Mikia inaingia ndani ya seli, na ndani inaungwa upya kwenye gliseroli nyingine. Anayempa mpagazi huyo amri ya kushusha mzigo ni insulini, ile homoni inayopanda ukila. Insulini hiyo hiyo inafunga mlango wa kutokea, kwa sababu chakula kipo na hakuna haja ya kugusa akiba.

Seli yenyewe ni kitu cha ajabu. Karibu yote ni tone moja la mafuta; kiini na vitu vingine vyote vimesukumwa pembeni, vimebanwa kwenye ukuta kama wapangaji waliozidiwa na mizigo ya mwenye nyumba. Ikijaa inafika kipenyo cha sehemu ya kumi ya milimita.

Sasa Chai ya Uzima, usikasirike. Lile tone kwenye joto la mwili wako, nyuzi 37, tayari ni kimiminika. Ya mbuzi yanaganda kwenye sahani, haya ya kwetu yakiwa mwilini hayajaganda. Unayeyusha nini?

Chai ya Uzima

Mwalimu, wateja wangu wanapungua. Vitabu visikuzuie kuona.

Mwalimu wa Zamu

Sipingi kwamba wanapungua. Anayekunywa chai yako isiyo na sukari badala ya chai ya maziwa na maandazi manne, atapungua. Sifa lipewe andazi aliloliacha.

Mla Mihogo

😂😂 Ila mwalimu, wewe umesema mafuta ya chipsi. Sisi tunakula ugali mkubwa kwa mchicha, mafuta kijiko kimoja, na vitambi tunavyo. Wanga haugeuki mafuta?

Mwalimu wa Zamu

Unageuka, ini linaweza kutengeneza mafuta kutokana na sukari. Lakini ni kazi ya gharama, karibu robo ya nishati inapotelea njiani. Kuhifadhi mafuta uliyoyala yakiwa mafuta tayari hakugharimu karibu chochote. Kwa hiyo mwili unachagua kivivu: unachoma wanga wa ugali kwanza, na yale mafuta ya kwenye mboga, karanga, nyama na maziwa unayaweka. Mtu akila ugali wa kupitiliza, mara nyingi ugali haukuingia ghalani wenyewe, ila umezuia kilichokuwa ghalani kisitoke. Kwenye mizani matokeo ni yale yale.

Vinywaji vyenye sukari nyingi ndivyo vinavyolisukuma ini kutengeneza mafuta yake lenyewe, hasa kwa mtu asiyetembea.

Nyundo

Nimekubali kuhusu nishati. Ila swali: kwa nini mwili uchague mafuta? Si ungehifadhi wanga tu, ndio unaowaka haraka?

Mwalimu wa Zamu

Wanga tunahifadhi pia, unaitwa glaikojeni. Gramu kama 100 kwenye ini, na kama 400 kwenye misuli. Shida yake ni maji. Kila gramu ya glaikojeni inabeba gramu kama 3 za maji, na ina kilokalori 4 tu. Gramu ya mafuta ina 9 na haibebi maji.

Hebu tupige hesabu. Mwanaume wa kilo 70 mwenye kilo 12 za mafuta, si mnene huyo, ana akiba ya kilokalori 108,000. Nishati hiyo hiyo ukiiweka kama glaikojeni, unahitaji kilo 27 za glaikojeni na kilo 81 za maji. Badala ya kilo 12 anabeba 108, na mizani itasoma kilo 166. Jaribu kumkimbia simba na mzigo huo.

Na hapo ndipo penye ule udanganyifu wa wiki ya kwanza ya dayati. Ukiacha kula wanga, glaikojeni inakwisha na maji yake yanatoka. Kilo 2 hizo, mafuta hayajaguswa sana. Mtu anapiga picha, anatuma kwenye kundi la familia, na akila wali harusini Jumamosi zinarudi zote usiku mmoja. Mla Mihogo, ile mitishamba yako ilitoa maji na kinyesi. Suruali ilivuka kwa kuhara.

Mla Mihogo

Nimejeruhiwa ila nimeelewa.

Kona ya Iten

Mwalimu, salamu kutoka Kenya. Hiyo ya glaikojeni sisi huku tunaijua kwa miguu. Ukikimbia marathoni vibaya, kilomita ya 30 hivi, mwili unazima. Unaona watu wanakupita na huwezi kufanya kitu. Kocha wetu husema sukari imeisha. Swali langu ni hili: kama mafuta ni mengi hivyo, mbona hayaji kusaidia?

Mwalimu wa Zamu

Swali zuri kuliko yote hapa. Mwanariadha wa kilo 55 mwenye mafuta asilimia 7 ana karibu kilo 4 za mafuta, yaani zaidi ya kilokalori 34,000. Marathoni inamgharimu kama 2,300. Kwa hesabu ya karatasi ana marathoni 14 mfukoni, na bado anaanguka kwenye ya kwanza.

Tatizo ni kasi ya mlango. Ili mafuta yafike kwenye msuli, lazima seli ya mafuta ipokee amri, adrenalini ikiwa juu na insulini chini, ikate kabati, itoe mikia mitatu. Mikia haichanganyiki na maji, kwa hiyo inapanda juu ya protini ya damu iitwayo albumini, inasafirishwa mpaka kwenye msuli, inaingia kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, na huko inakatwa kaboni mbili mbili. Tena inadai oksijeni nyingi zaidi kuliko sukari kwa kiasi kile kile cha nishati. Ukitembea, inatosha kabisa. Ukikimbia kwa kasi ya mashindano, mapafu na moyo viko ukingoni, mwili unataka kinachowaka kwa oksijeni kidogo. Mazoezi ya miaka ndiyo yanayompa mkimbiaji mitokondria nyingi, ili atumie mafuta hata akiwa anakwenda mbio na sukari yake idumu.

Kona ya Iten

Sasa nimejua kwa nini kocha anatutuma mbio ndefu za polepole kabla ya kiamsha kinywa. Tulidhani ni adhabu tu.

Ilkisongo

Mimi ni mfugaji, Longido. Haya mnayosema kondoo wetu wanaonyesha wazi. Mvua ikinyesha mkia wa kondoo unanona, unaning'inia. Kiangazi kikikaza mkia unanywea kama kifuko kitupu, na kondoo bado anatembea. Wazee wanauangalia mkia ndipo wanasema huyu atafika mvua nyingine au achinjwe. Mafuta yake anapewa mama aliyejifungua.

Mwalimu wa Zamu

Shukrani sana ndugu yangu. Na nundu ya ngamia ni habari hiyo hiyo: ni mafuta, si tangi la maji kama tulivyoambiwa shuleni. Angeyatandaza mwili mzima kama sisi, angejivika blanketi jangwani. Ameyakusanya mgongoni, sehemu nyingine ya mwili inapoa.

Mama wa Mapacha

Shikamooni humu. Naomba kuuliza la wanawake. Mume wangu akinenepa ni tumbo peke yake, miguu kama ya korongo. Mimi ni mapaja na nyonga. Baada ya kujifungua nilikuwa na njaa kama ya mtu aliyelima, na nyonga zikapungua. Sasa nimefika 51, nyonga zinaisha na tumbo linakuja. Nani anapanga?

Mwalimu wa Zamu

Marahaba mama... samahani, nimeitikia kwa mazoea ya darasani, shikamoo ni kwako.

Homoni za uzazi ndizo zinazopanga. Estrojeni inaelekeza akiba kwenye nyonga na mapaja, na akiba ya huko ni ngumu kuchukuliwa, mpaka wakati wa kunyonyesha. Mtoto mmoja anayenyonya tu anamgharimu mama kama kilokalori 500 kwa siku juu ya mahitaji yake. Wewe ulikuwa na wawili. Estrojeni ikishuka umri wa kukoma hedhi, ramani inabadilika, mafuta yanaelekea tumboni kama ya mzee.

Na yale ya tumboni yana aina mbili. Kuna unayoweza kuyafinya kwa vidole, yako chini ya ngozi. Kuna ya ndani, yaliyozunguka utumbo, huyafinyi. Hayo ya ndani damu yake inamwagika moja kwa moja kwenye ini, ndiyo maana yanasumbua zaidi sukari na presha. Mzee mwenye miguu ya korongo na tumbo gumu kama ngoma ajipime na futi ya fundi cherehani. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani, kiuno cha mwanaume kikipita sentimita 94 hatari inaanza kupanda, kikipita 102 imepanda sana. Kwa mwanamke ni 80 na 88.

Habari njema, hayo ya ndani ndiyo yanayotangulia kuondoka mtu akianza kutembea. Ila kuchagua sehemu haiwezekani. Kukunja tumbo mara 200 kunakaza msuli ulio chini. Mafuta yanaitwa kwa homoni zilizo kwenye damu, na damu inazunguka mwili wote.

Mama wa Mapacha

Kiuno chake nimekipima akiwa amelala. 109. Kesho tunatembea naye.

Nesi Mstaafu

Nimesoma uzi wote. Niongeze upande ambao humu haujaguswa, wa watu ambao mafuta yao yaliharibika.

Miaka ile dawa za kufubaza VVU zilipoanza kutolewa bure, kulikuwa na moja iitwayo stavudini. Ilikuwa rahisi, iliokoa maisha mengi, siisemi vibaya. Lakini kwa miaka, kwa baadhi ya wagonjwa, ilikuwa inaua seli za mafuta za usoni, mikononi, miguuni na makalioni, kwa sababu inaharibu mitokondria zake. Mashavu yanabonyea, mishipa ya miguu inatoka kama mizizi. Wakati huo huo wengine tumbo linakua na nundu inaota nyuma ya shingo. Mtaani watu walijifunza kuitambua ile sura. Nilikuwa na mama mmoja, dawa zinamfaa kabisa, virusi viko chini, akaja kunirudishia makopo. Akasema nesi, afadhali niumwe kuliko uso wangu unitangaze kabla sijasalimia. Tulikaa naye mpaka kliniki inafungwa. Alibadilishiwa dawa, lakini mashavu hayakurudi yote.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini, na zikaachana nayo kidogo kidogo. Vijana wanaoanza dawa leo hawaijui hiyo sura.

Huwa nikisikia mtu anayaita mafuta uchafu namkumbuka yule mama.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo nesi. Nilitaka kuandika kuhusu hili kutoka kitabuni, nikashukuru umeandika wewe.

Niongeze kitu kimoja tu kinachofanana. Kuna watu wachache huzaliwa karibu bila tishu ya mafuta kabisa. Ungedhani wana bahati. Wanapata kisukari kikali na ini la mafuta wakiwa vijana, kwa sababu mafuta ya chakula yanapokosa kihenge yanamwagwa kwenye ini na kwenye misuli, mahali ambapo hayakupaswa kukaa. Na mtu mwenye kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, anapata ugonjwa huo huo kwa njia ya kinyume: kihenge kipo, kimefurika.

Nyundo

Mimi nimesikia kuna Mzungu alikaa mwaka mzima bila kula. Uongo wa mitandaoni?

Mwalimu wa Zamu

Kweli kabisa. Anaitwa Angus Barbieri, wa Scotland. Juni 1965, akiwa na miaka 27 na kilo 207, alikwenda hospitali mjini Dundee kutaka kufunga kwa muda mfupi apungue. Siku zikapita, akasema anajisikia vizuri, akaendelea. Siku 382. Alikuwa anakunywa maji, chai na kahawa, na madaktari walimpa vitamini, hamira na madini, wakimpima damu na mkojo mara kwa mara. Alimaliza akiwa na kilo 82. Madaktari wake waliandika kisa chake mwaka 1973.

Kilo 125 kwa siku 382 ni karibu gramu 330 kwa siku, na nyingi katika hizo zilitoka kwa pumzi kama za kinyozi. Ubongo wake ulikuwa unaishi kwa kitu gani? Hauwezi kuchoma mikia ya mafuta moja kwa moja. Ini linaikata mikia hiyo kuwa vipande vidogo viitwavyo ketoni, na ubongo unavipokea. Ile gliseroli iliyobaki inageuzwa sukari kidogo kwa ajili ya chembe nyekundu za damu, ambazo hazijui kuchoma kitu kingine. Hakuna kilichotupwa.

Msimuige. Wengine waliofungishwa hivyo miaka ile, wakiwa hospitalini, walikufa, baadhi yao kwa matatizo ya moyo.

Bahari ya Tanga

Kumbe mafuta ni kibubu. Unatumbukiza, unasahau, siku ya shida unavunja.

Mwalimu wa Zamu

Karibu, ila kibubu hakifunguliwi mpaka kivunjwe. Hiki kinafunguliwa kila usiku. Ukilala kwa muda wa saa nane, insulini inashuka, mikia inatoka, ndiyo unayoamka nayo. Ukinywa uji inarudi. Kunenepa ni pale ambapo kwa miezi kinachoingia kinazidi kinachotoka kwa kiasi kidogo tu ambacho huwezi kukihisi. Kilo moja ya tishu ya mafuta ni kama kilokalori 7,700.

Na kibubu hakisemi. Hiki kinasema. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake pale Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waligundua homoni inayotoka kwenye seli za mafuta kwenda ubongoni kutoa taarifa ya akiba. Wakaiita leptini. Panya asiye nayo anakula mpaka anakuwa mpira, kwa sababu ubongo wake unaamini ghala ni tupu.

Sasa liunganishe na hili. Mwaka 2008 Wasweden walitaka kujua seli zetu za mafuta zina umri gani. Walitumia kaboni ya mionzi iliyojaa angani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia, kabla ya mkataba wa 1963. Kila seli imebeba alama ya mwaka iliyozaliwa. Wakakuta kila mwaka karibu asilimia 10 ya seli hufa na nyingine huzaliwa, lakini idadi haibadiliki kwa mtu mzima. Hata waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua sana, idadi yao ilibaki pale pale. Seli zilikuwa zimenywea tu, kama mkia wa kondoo wa Longido kiangazi.

Kwa hiyo aliyepungua ana seli zile zile, zimenywea, zinatoa leptini kidogo, na ubongo unapokea habari ya njaa mchana na usiku. Wale tunaowacheka kwamba "amerudia unene, hana msimamo", wanapigana na kelele ambayo sisi hatuisikii.

Chai ya Uzima

Hapo umeongea mwalimu. Wateja wangu wengi wanarudi baada ya miezi sita, nilikuwa nawalaumu.

Binti Kisutu

Unawalaumu au unawauzia tena?

Chai ya Uzima

Vyote viwili dada.

Wembe Mmoja

Ni mimi kinyozi. Nimetumiwa huu uzi na mteja, nimeusoma tangu mchana duka halina watu.

Mwalimu, nimepiga hesabu yako ya 8.4. Kilo zangu 8 zingekuwa mafuta yote, kilo 6 na gramu 700 nimezipumua, na saa nyingi za siku nipo dukani. Kwa hiyo wateja wangu mmenivuta.

Mwalimu wa Zamu

Zote si mafuta, toa maji na glaikojeni ya wiki ya kwanza na msuli kidogo. Lakini ndiyo, tumekuvuta. Na mihogo ya jirani yako nayo imekuvuta, maana mimea inakula kabonidayoksaidi hiyo hiyo.

Mla Mihogo

Jamani.

Wembe Mmoja

Mwalimu, ile nusu ya kichwa unakuja kumalizia lini? Nafungua saa mbili.